Ilianguka au Iliangushwa? Mkasa wa Ndola, 1961

Lugha yetu ina vitenzi viwili vya shina moja, kuanguka na kuangushwa. Hutofautiana kwa herufi chache tu, lakini ndani ya herufi hizo mna kesi nzima. Asemaye kwamba ndege ilianguka hamshtaki mtu. Asemaye kwamba iliangushwa amekwisha kumleta mtendaji barazani, ingawa hakumtaja jina. Neno la tatu ni ajali, lenye asili ya Kiarabu, ambalo hapo mwanzo lilikuwa na maana ya muda wa mtu uliokadiriwa. Nalo hufunga mlango wa maswali. Yafaa mwanahistoria ayapime maneno haya kabla ya kuchagua moja.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege ya abiria aina ya DC-6B, mali ya kampuni ya Transair ya Sweden, ilikuwa ikitoka Léopoldville kwenda Ndola, Rodesia ya Kaskazini. Ndani yake alikuwamo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa akienda kuonana na Moïse Tshombe ili vita vya Katanga visimamishwe. Rubani aliiepuka anga ya Katanga, akazunguka upande wa Ziwa Tanganyika. Baada ya saa sita ya usiku alitoa habari kwamba ameziona taa za uwanja, kisha kimya. Watu 16 walikuwamo. Mmoja tu, Harold Julien, alikutwa hai, naye akafa siku chache baadaye. Mabaki yalikuwa kiasi cha kilomita 15 tu kutoka uwanjani, na hata hivyo serikali ilitangaza kuyapata mchana uliofuata, saa tisa.

Dhana zilizotolewa ni nyingi, lakini zaweza kukusanywa katika mafungu matatu. La kwanza ni kosa la rubani, kwamba alishuka chini mno, akagonga miti. Hivyo ndivyo ilivyoamua tume ya Rodesia mwaka 1962. La pili ni hujuma, yaani bomu lililotegwa ndani ya ndege. La tatu ni shambulio la ndege nyingine. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka huo huo wa 1962, haikuthibitisha hata moja, wala haikukubali kuitupa dhana ya hujuma au ya shambulio.

Ni nani basi waliokuwa macho usiku ule? Msomaji wa Viwanja Sitini pale Ifakara, au wa kijiji chochote cha bonde la Kilombero, hahitaji kufundishwa kwamba mchoma mkaa hulinda tanuri lake usiku, kwani moto ukitoboa udongo, mkaa huwa majivu. Karibu na Ndola walikuwako wachoma mkaa, na baadhi yao walisema kwamba waliona ndege ya pili, au mwako angani kabla ya ndege kubwa kuanguka. Tume ya Rodesia haikuupa ushahidi wao uzito. Maneno ya Julien aliyeutaja mlipuko nayo yalihesabiwa kuwa ya mgonjwa aliyeweweseka.

Zaidi ya miaka hamsini ilipita kabla ya sauti hizo kusikilizwa tena. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo chini ya Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania wakati huo, ambalo liliona kwamba ushahidi wa walioona zaidi ya ndege moja hauwezi kupuuzwa. Katika taarifa yake ya mwaka 2017, Jaji Othman alisema kwamba yaelekea shambulio au tishio kutoka nje laweza kuwa sababu, ama kwa kuipiga ndege, ama kwa kumshughulisha rubani kwa nukta chache. Aliongeza kwamba ukweli uliobaki huenda umo katika nyaraka za siri za baadhi ya dola.

Basi mwandishi na atumie neno gani? Kuangushwa bado hakujathibitishwa. Lakini asikimbilie ajali kwa sababu tu mashahidi walikuwa wachoma mkaa. Na aandike ilianguka, akiacha nafasi ya herufi zile chache, mpaka makabati yafunguliwe.