Tembo la mnazi

Tembo la mnazi, ambalo Mombasa huitwa kwa kifupi mnazi, ni kileo kitokanacho na utomvu wa mnazi uliochacha. Mgema hupanda mti asubuhi na jioni, akakata ncha ya karara kabla halijafunguka, kisha akatundika kibuyu, na siku hizi chombo cha plastiki, kukinga matone. Hamira haitiwi: chachu ya asili huanza kazi mara moja. Kwa hiyo ladha hufuata saa. Likiwa jipya ni tembo tamu, jeupe na lenye povu; likishinda huwa kali; likikaa zaidi huwa siki. Mteja mzoefu huuliza kwanza limegemwa lini.

Mjini Mombasa, mtaa wa Likoni hulipata kwa urahisi kutoka Kwale, na wa Kisauni kutoka Kilifi, ambako Wamijikenda hulitumia pia katika mahari na matambiko. Hunywewa kwenye mangwe, yaani vilabu vya tembo, mara nyingi kwa mrija wenye kichujio nchani. Waislamu, ambao ni wengi mjini, wamekatazwa vileo na dini.

Mshindani wake mkuu ni bia ya chupa, hasa Tusker, laga iliyoanza kutengenezwa Nairobi miaka ya 1920, yenye picha ya tembo mnyama kwenye lebo. Kufanana kwa majina ni sadfa tu. Kuhusu uuzaji, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya Kenya ya 2010 iliruhusu pombe za kienyeji kuuzwa kwa leseni.