Moshi, jua na majivu: namna kambo zetu walivyotunza chakula

KAMINA, Haut-Lomami. Jamaa inapokimbia vita ao mafuriko, inabeba kwanza watoto, halafu nyungu, halafu chakula kisichooza njiani. Mwenye unga wa mihogo na samaki wa moshi anaweza kutembea siku nne. Mwenye samaki mbichi, siku ya pili ameisha kumtupa. Ndiyo sababu leo tunazungumzia majiko ya zamani ya jimbo letu. Yale ambayo kambo zetu walifanya bila umeme wala friji yangali na kazi.

Historia hii ni ya zamani sana. Mwaka 1957 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua makaburi huko Sanga, kando ya ziwa Kisale. Walikuta nyungu nyingi za udongo, vyombo vya chuma vya kuvulia samaki, na pia majiko madogo ya udongo ya kubebeka. Makaburi mengi ya hapo ni ya kati ya karne ya 10 na ya 13. Ni kusema miaka zaidi ya 700 iliyopita, watu wa bonde la Upemba walikuwa tayari wavuvi wenye ufundi, na moto wao uliweza kuhama pamoja nao.

Kazi ya kukausha samaki haijabadilika sana. Samaki anapasuliwa, matumbo yanatolewa, anaoshwa, kisha anapangwa juu ya uchanja wa miti mibichi. Chini yake moto unawaka polepole, wenye moshi mwingi na ndimi kidogo. Moto mkali unaivisha nje na kuacha maji ndani, na samaki wa namna hiyo anaoza upesi. Karibu robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji. Maji yakitoka, mzigo unakuwa mwepesi, na wadudu wanaoleta uozo wanakosa pa kuishi. Kambale, mwenye mafuta mengi, anahitaji moshi wa muda mrefu. Samaki wadogo wanatosheka na jua.

Samaki huyo mkavu alisaidia kujenga ufalme wa Waluba. Watu wa maziwa walimpeleka mbali, wakarudi na chuma, chumvi na mafuta ya ngazi. Chumvi ilitoka kwenye udongo wenye chumvi, na mahali pengine kwenye majivu. Mama walichoma majani ya majini, wakaweka majivu ndani ya nyungu yenye matundu, wakamwaga maji juu. Maji yaliyochuruzika chini yalichemshwa mpaka chumvi ikabaki. Hata leo kuna mama wanaotia maji ya majivu ndani ya mboga ngumu ili zilainike upesi.

Halafu ikaja reli. Ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 njia ya BCK inayopita hapa Kamina ilikamilika mpaka Ilebo. Samaki na unga vikaanza kusafiri kwa gari la moshi kwenda kulisha wafanyakazi wa migodi. Kampuni ziligawa posho, na katika makambi ya wafanyakazi watu walizoea chakula cha mfuko na chumvi ya duka. Lakini vijijini uchanja haukuzimika.

Mihogo na mahindi vilitoka Amerika. Kabla yake, kambo zetu walisaga mtama na ulezi. Mihogo ilipendwa kwa sababu inakaa udongoni mpaka siku utakapoihitaji. Shamba lenyewe ni ghala. Lakini mihogo michungu ina sumu, na hapa tunaomba msikilizaji atege sikio. Kambo waliiloweka majini siku tatu ao zaidi mpaka ikawa laini, ndipo wakaimenya, wakaianika, wakaitwanga na kuichekecha. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, waliongeza siku, kwa kuwa maji baridi yanalainisha polepole. Sombe nayo ilitwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu.

Anayepunguza siku kwa sababu ya njaa anajihatarisha. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa konzo huko Kwango: miguu inakakamaa kwa ghafula, na haiponi. Ulionekana tena mara nyingi pahali ambapo watu walikula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, bila samaki, nyama wala maharagwe kwa wingi. Samaki mkavu na bukari basi vinasaidiana, si kwa utamu tu.

Mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya mafiga ili moshi ufukuze vidudu. Maharagwe yalichanganywa na majivu makavu. Uyoga wa mvua za kwanza ulianikwa juani, ukaliwa miezi ya ukame.

Jamaa nyingi zilizofukuzwa na wanamgambo katika Mitwaba na Malemba-Nkulu, na zile ambazo maji ya Lualaba yamebomoa nyumba zao, zina mama wanaojua yote haya. Shida ni kwamba binti aliyekulia kambini, akipikia mbabula moja na unga wa msaada, hana mahali pa kujifunza. Kuni nazo zinapatikana mbali, na kila uchanja unakula miti.

Kwa hiyo, mama na kambo, msingoje mtu wa shirika aje kuwafundisha kazi yenu. Mkiwa na mihogo ya kuloweka, mwite binti ahesabu siku pamoja nanyi. Mkiwa na samaki, mwonyesheni moto unavyopunguzwa. Na jamaa inayopokea wageni, iwaazime kinu na nyungu kubwa. Unga ulioharakishwa unaweza kuharibu miguu ya mtoto, na siku tatu za kungoja haziombi feza.