Msimu Usio na Mapumziko: Kazi za Kipupwe na Kiangazi katika Kaya ya Mkulima Mdogo wa Mungaa, Singida, na Historia ya Dhana ya "Muda wa Bure"

Utangulizi

Katika kata ya Mungaa, iliyomo leo katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, mwaka hugawanyika katika sehemu mbili zisizolingana. Mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba au Desemba na kukoma mwezi wa Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu. Miezi hiyo mikavu huanza na kipupwe, yaani Juni, Julai na sehemu ya Agosti, wakati ambapo uwanda huu wa juu, ulio takriban meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, hupigwa na upepo mkavu na usiku wake huwa wa baridi. Baada yake hufuata joto la Septemba na Oktoba. Kwa mtazamaji apitaye njiani, mashamba huwa yamevunwa, ng'ombe hutembea katika mabua, na majembe yameegemezwa ukutani. Ni rahisi kuhitimisha kwamba mkulima amepumzika.

Insha hii inapinga hitimisho hilo. Hoja yake kuu ni kwamba, katika kaya za Wanyaturu wa eneo hili, miezi mikavu ndiyo iliyoamua ukubwa wa mavuno ya mwaka uliofuata na ndiyo iliyoamua kama chakula kingefika huko. Aidha, insha inaonesha kwamba tawala zilizofuatana, ya Wajerumani, ya Waingereza na ya Tanzania huru, ziliuona msimu huo kuwa akiba ya nguvukazi isiyotumika, na kwamba mtazamo huo uliwagharimu wakulima.

Maelezo ya maandishi kuhusu maisha ya Wanyaturu, ambao hujiita Arimi, si machache. Ofisa wa Kijerumani von Sick alichapisha maelezo yake mwaka 1915. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani Harold K. Schneider alifanya utafiti katika eneo la Wahi mwaka 1959 na 1960, na kitabu chake kuhusu uchumi wa watu hao kilitoka mwaka 1970. Marguerite Jellicoe naye alichapisha mwaka 1978 uchunguzi wa mabadiliko ya kijamii katika eneo hilohilo. Kazi hizi zinatofautiana kwa shabaha na mtazamo, lakini zikisomwa kwa kuzingatia kalenda ya kilimo, zinadhihirisha uzito wa kazi zinazofanyika nje ya msimu wa mvua.

Nafaka baada ya kuvunwa

Uwele na mtama ndiyo nafaka zilizobeba maisha ya eneo hili kwa muda mrefu, kwa kuwa hustahimili mvua chache na zisizotabirika. Hata hivyo, suke lililokatwa si chakula. Lilipaswa kukaushwa, kupurwa, kupepetwa na kuhifadhiwa, na kila hatua ilikuwa na wakati wake. Upepo wa kipupwe, ambao kwa mgeni ni kero, kwa mwanamke mwenye ungo ulikuwa chombo cha kazi: ndio uliotenganisha punje na makapi. Penye majabali bapa, ambayo ni sura ya kawaida ya nchi ya Singida, jabali lilitumika kama sakafu ya kuanikia na kupuria. Kwingineko uwanja ulisawazishwa na kusiribwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe ili punje zisichanganyike na mchanga.

Baada ya kupepeta, nafaka iliingizwa katika vihenge au katika vilindo vya magome ya miti, mara nyingi ikiwa imechanganywa na majivu ili kuzuia fukusi. Wakati huohuo majani ya mboga za porini na za shambani, yakiwemo ya mlenda, yalianikwa na kusagwa ili yaliwe miezi ambayo hakuna kijani chochote. Kazi hizi zilikuwa hasa za wanawake, na kwa sababu hiyo hazikuhesabiwa katika taarifa nyingi za utawala, ambazo kwazo "kazi" ilimaanisha kulima au kuajiriwa.

Kuhifadhi kulikwenda pamoja na kuamua. Nafaka iliyokuwa ghalani mwezi wa Julai ilikuwa na madai mengi juu yake: chakula cha kila siku, mbegu, pombe ya kuwakirimu majirani waliosaidia kazi, msaada kwa ndugu waliopungukiwa, na ubadilishaji kwa mifugo. Schneider alitilia mkazo jambo hili la mwisho: mwaka wenye mavuno mema, ziada ya nafaka iligeuzwa kuwa mbuzi, kondoo na hatimaye ng'ombe. Hivyo ghala na zizi vilikuwa sehemu mbili za hazina moja. Lakini kila kipimo kilichotoka ghalani kilipunguza umbali ambao chakula kingefika. Januari na Februari ndiyo miezi ya palizi, mwili unapohitaji nguvu zaidi, na ndiyo miezi ambayo ghala huwa karibu tupu. Njaa iliyoonekana Februari, kwa hiyo, mara nyingi ilikuwa imekwisha kuamuliwa Julai.

Samadi: kiungo cha zizi na shamba

Jambo lililoutofautisha ukulima wa Wanyaturu na wa jirani zao wengi ni matumizi ya samadi. Mashamba yaliyoizunguka nyumba yalirutubishwa kwa kinyesi cha ng'ombe waliolala zizini, na hivyo yaliweza kulimwa mwaka baada ya mwaka bila kuhama. Schneider aliiona samadi kuwa miongoni mwa nguzo za uchumi wote: ardhi isiyopata samadi ilikuwa na thamani ndogo, na kaya isiyo na ng'ombe ilitegemea hisani au mapatano na mwenye nao.

Samadi haikujihamisha yenyewe. Ilipaswa kuchimbwa zizini ikiwa kavu na nyepesi, kubebwa kwa vikapu na kutawanywa kabla ya mvua. Ikicheleweshwa hadi mvua ianze, ilikuwa nzito kubeba, na kazi hiyo iligongana na kupanda. Muda uliofaa ulikuwa mfupi, kuelekea mwisho wa kiangazi, na ndiyo sababu kazi hii ilifanywa kwa kualikana. Mwenye shamba aliandaa pombe ya nafaka. Majirani walikuja na vikapu vyao. Zamu ya mwingine ilifuata. Mwaliko wa namna hii haukuwa sherehe iliyopambwa kwa kazi kidogo. Ulikuwa ndiyo njia ya kuikusanya nguvu ambayo kaya moja haikuwa nayo. Ofisa aliyeona watu wakinywa pombe mwezi wa Septemba na kuandika kwamba wamekaa bure alikuwa ameona malipo tu. Kazi yenyewe hakuiona.

Paa, maji na mifugo

Nyumba ya asili ya eneo hili ni tembe, yenye paa bapa la boriti na fito lililofunikwa kwa udongo. Paa la namna hii hukinga joto la mchana na baridi ya usiku, lakini halivumilii kupuuzwa. Mchwa hula fito, udongo hupasuka, na mvua kubwa ya kwanza huingia ndani au kuliangusha paa. Kukata miti, kubadilisha boriti na kuongeza udongo zilikuwa kazi za miezi mikavu, hasa kwa wanaume, kwa kuwa udongo wa paa haufanyiwi kazi wakati wa mvua.

Maji nayo yalizidi kuwa mbali kadiri kiangazi kilivyosonga. Mabwawa yalipokauka, wanawake na wasichana walichimba mchanga wa makorongo na kusubiri maji yajikusanye. Safari iliyochukua muda mfupi mwezi wa Mei iliweza kuchukua sehemu kubwa ya siku mwezi wa Oktoba. Wavulana walipeleka mifugo kwanza katika mabua ya mashamba yaliyovunwa, kisha katika malisho ya mbali. Wanaume walikagua mizinga ya nyuki, wakauza au kubadilishana wanyama, na kufuatilia ng'ombe waliowakabidhi jamaa na marafiki wawatunzie. Utaratibu huo wa kutawanya ng'ombe ulipunguza hatari ya kupoteza kundi zima kwa ugonjwa au ukame wa mahali pamoja.

Dola na dhana ya "muda wa bure"

Serikali ya Kijerumani ilianzisha kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1898, na aliyeshindwa kulipa aliweza kutakiwa kufanya kazi badala yake. Waingereza waliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa kwa sheria ya mwaka 1922. Kodi ilihitaji fedha, na fedha kwa mkulima wa uwanda wa kati ilipatikana kwa njia mbili kuu: kuuza mnyama au nafaka, ama kuuza nguvu zake. Njia zote mbili ziliingia katika msimu uleule mkavu. Nafaka iliyouzwa mara baada ya mavuno iliuzwa wakati bei iko chini, na kaya iliyouza mapema iliweza kulazimika kununua tena Januari kwa bei ya juu.

Kuhusu nguvu, wanaume wengi wa mikoa ya kati na magharibi walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuwatafuta vibarua, SILABU. Mantiki ya waajiri na ya utawala ilikuwa kwamba mavuno yamekwisha, hivyo mwanamume anaweza kuondoka. Lakini mkataba haukufuata kalenda ya Mungaa. Mwanamume aliyekuwa Tanga hakukata boriti, hakuchimba zizi, wala hakuwepo kupatana kuhusu ng'ombe. Kazi yake ilimwangukia mke, watoto na wazee, au haikufanyika kabisa. Fedha iliyotumwa au iliyoletwa nyumbani ilikuwa na faida yake, nayo ililipa kodi na mahari na kununua nguo. Hata hivyo, gharama yake ilionekana katika paa lililovuja na shamba lililopandwa bila samadi, mambo ambayo hayakuandikwa katika daftari lolote la kodi.

Uhamishaji wa vijiji

Tarehe 6 Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji kulikuwa amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Nchini kwa jumla, sehemu kubwa ya operesheni ilitekelezwa katika kiangazi cha mwaka 1974, na sababu iliyotolewa inaeleweka: kaya isihamishwe mazao yakiwa shambani. Nia ya sera ilikuwa kuwafikishia wananchi shule, zahanati na maji, na haifai kuidharau. Mwanamke aliyepata bomba karibu na nyumba alirejeshewa saa nyingi za siku yake.

Hata hivyo, uchaguzi wa msimu ulirudia dhana ileile ya kale. Kwa mfumo wa Kinyaturu, kuondoka kwenye makazi ya asili wakati wa kiangazi kulimaanisha kuacha zizi lenye samadi ya miaka mingi na mashamba yaliyokwisha kurutubishwa, kisha kujenga nyumba mpya katika miezi ambayo samadi ingebebwa. Nyumba zilipokaribiana, mashamba yalitengana na mazizi. Mzigo wa kikapu uliobebwa hatua chache sasa ulihitaji kubebwa mwendo mrefu, na palipokosekana mkokoteni haukubebwa. Miaka hiyohiyo ukame uliikumba nchi, serikali ikaagiza nafaka nyingi kutoka nje, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ikaanzishwa. Ukame haukusababishwa na uhamishaji. Lakini ulizikuta kaya zikiwa zimepoteza msimu mmoja wa maandalizi, na kwa mkulima wa uwele msimu huo mmoja ni mavuno ya mwaka.

Kutoka samadi hadi alizeti

Katika miongo iliyofuata, alizeti imekuwa zao linaloitambulisha Singida, na kukamua mafuta kumeupa mji wa Singida viwanda vikubwa na vidogo. Kwa kaya, zao hili limeongeza kazi nyingine ya kipupwe: kukata vichwa, kuvianika, kuvipiga na kupepeta mbegu. Pamoja na kuku wa kienyeji, asali na vitunguu, alizeti huleta fedha ya ada, matibabu na mabati, na mabati yamepunguza kazi ya kila mwaka ya kutengeneza paa la udongo. Plau na mkokoteni wa ng'ombe vimerahisisha kilimo na uchukuzi wa samadi kwa wenye uwezo navyo.

Hata hivyo, swali la Julai halijabadilika. Kaya bado huamua kiasi gani kiuzwe sasa na kiasi gani kingoje. Mnunuzi hufika mlangoni wakati mzazi anahitaji fedha, na gunia linalotoka Julai halirudi Februari kwa bei ileile.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kwamba kipupwe na kiangazi katika Mungaa vilikuwa msimu wa kutunza, kurutubisha, kujenga na kuamua, na kwamba kazi hizo hazikuonekana kwa sababu nyingi zilikuwa za wanawake, hazikulipwa kwa fedha na hazikufanyika shambani. Kodi, mikataba ya mkonge na operesheni ya vijiji vilikuwa na malengo tofauti kabisa, lakini vyote vilijengwa juu ya dhana moja, kwamba baada ya mavuno muda wa mkulima hauna mwenyewe. Mwanahistoria wa kilimo anayehesabu ekari na magunia pekee hurithi dhana hiyo bila kujua. Kuihesabu kazi ya miezi mikavu ni sharti la kueleza kwa haki kwa nini kaya mbili zilizopata mvua ileile, katika ardhi ileile, ziliweza kuvuka Februari kwa namna mbili tofauti.