Kodi ya kichwa iliyomng'oa Mama Thatcher

Kila siasa za Uingereza zikitajwa kuna mdau mmoja lazima aulize: huyu Margaret Thatcher alishinda chaguzi kuu tatu mfululizo, 1979, 1983 na 1987, na hakuwahi kushindwa hata mmoja. Sasa alitokaje madarakani? Wengi wanajibu "mambo ya Ulaya". Jibu hilo ni nusu tu. Nusu ya pili ni kitu ambacho babu zetu wanakifahamu vizuri: kodi ya kichwa. Leo naimwaga hapa yote, toka mwanzo mpaka mwisho, usome kabla dakika zako hazijaisha.

KODI YA KICHWA NI KITU GANI?

Ni kodi unayolipa kwa sababu tu una kichwa juu ya mabega. Haiulizi mshahara wako, shamba lako wala nyumba yako. Tajiri na kapuku wanatoa kiasi kilekile. Huku kwetu Waingereza walitoza kodi ya kibanda na kodi ya kichwa, Kenya na Tanganyika, na sababu mojawapo ilikuwa kumlazimisha Mwafrika atafute fedha taslimu, yaani aende akafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu. Tanzania mjukuu wa kodi hiyo, kodi ya maendeleo, alizikwa mwaka 2003. Waulize wazee wakusimulie habari za kukimbizana na mgambo.

Kwao wenyewe pia walishaionja. Mwaka 1381, Mfalme Richard II akiwa kijana wa miaka 14, wakulima wa Kent na Essex waliingia London wakiwa na hasira za kodi hiyohiyo. Askofu Mkuu wa Canterbury, Simon Sudbury, ambaye pia alikuwa na cheo kikubwa serikalini, alikatwa kichwa. Kwa hiyo onyo lilikuwepo, tena la miaka mia sita.

ILIKUWAJE IKARUDI?

Kabla ya hapo halmashauri za Uingereza zilipata hela kwa kodi ya majengo. Nyumba yako inakadiriwa ingepangishwa kwa bei gani, na wewe unayekaa unalipa kwa kadiri hiyo. Kodi hii ilikuwa na kasoro zake. Bibi mjane anayeishi peke yake alilipa sawa na jirani mwenye nyumba kama yake, hata kama jirani ana watoto watatu wakubwa wenye mishahara. Halafu wapo watu wengi waliopiga kura za halmashauri bila kuletewa bili yoyote. Thatcher aliamini hao ndio wanaozichagua halmashauri za Labour zinazotumia ovyo. Hoja yake: kila mwenye kura alipe, ili auone uchungu wa matumizi. Tuwe wakweli, hoja yenyewe haikuwa ya kijinga.

Moto uliwaka Scotland mwaka 1985, nyumba zilipokadiriwa upya na bili za wengi zikaruka. Chama cha Conservative kikaona kitapoteza watu wake. Januari 1986 serikali ikatoa pendekezo la kodi mpya. Waziri wa Fedha, Nigel Lawson, alishawaonya wenzake kwa maandishi mwaka 1985 kwamba jambo hili halitekelezeki na litawamaliza kisiasa. Hakusikilizwa. Walipotoka kwenye uchaguzi wa 1987 na wingi wa viti zaidi ya 100 bungeni, nani angewazuia? Sheria ya Scotland ilipita 1987, ya England na Wales 1988. Ireland ya Kaskazini wakaachwa na kodi yao ya zamani.

Serikali iliibatiza jina la kistaarabu, Community Charge. Mitaani hakuna aliyelitumia. Watu walisema poll tax, ndiyo hiyo hiyo kodi ya kichwa.

HESABU ILIVYOKAA

Hapa ndipo penyewe. Ndani ya halmashauri moja, lodi mwenye kasri na mtu anayemfagilia kasri walitakiwa kulipa sawasawa. Familia ya watu wazima wanne waliobanana kwenye nyumba ndogo ya halmashauri ililetewa bili nne. Tajiri anayeishi peke yake kwenye jumba, bili moja. Wanafunzi na wasio na kazi walipunguziwa mpaka asilimia 80, lakini ile asilimia 20 lazima itoke, hata kama unaishi kwa posho ya serikali.

Serikali ilikadiria England kila mtu angelipa pauni 278 kwa mwaka. Bili zilipotoka 1990, wastani ulikuwa kama pauni 360.

Tena kuna jambo dogo ambalo wataalamu walilisema mapema: nyumba haihami, kichwa kinahama. Kijana amepanga chumba leo Leeds, mwezi ujao yuko Bristol. Utamkamata wapi? Gharama ya kukusanya ikazidi maradufu ya ile kodi ya zamani.

SCOTLAND KWANZA

Kodi ilianza Scotland tarehe 1 Aprili 1989, mwaka mzima kabla ya England na Wales. Waskoti waliliona hilo kama kufanywa panya wa maabara, tena na chama kilichopata kwao viti 10 tu kati ya 72 mwaka 1987.

Wakagoma kulipa. Chama cha SNP kiliunga mkono mgomo. Labour, chama kikuu cha upinzani, kiliipinga kodi lakini uongozi wake chini ya Neil Kinnock ulikataa wito wa kutolipa, maana halmashauri nyingi zilikuwa mikononi mwa Labour na zenyewe ndizo zilizotumwa kukusanya. Kwa hiyo mgomo ukaendeshwa na watu wa mitaani. Vikaundwa vyama vya mtaa kwa mtaa. Madalali wa mahakama wakija kukamata makochi na televisheni ya mtu, majirani wanaitana kwa simu na kujaa mlangoni. Dalali anarudi mikono mitupu.

Kiongozi aliyevuma ni kijana wa Glasgow, Tommy Sheridan. Mwaka 1992 alifungwa kwa kudharau amri ya mahakama iliyomkataza kwenda kuzuia mnada wa namna hiyo. Akiwa jela, akagombea udiwani wa Glasgow. Akashinda!

England nao walijaza mahakama. Juni 1990 katika kisiwa cha Wight zaidi ya watu elfu moja waliitwa kwa mkupuo, kesi zikatupwa kwa sababu barua za kuwakumbusha hazikuwapa muda wa kutosha. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Mbunge wa Labour wa Liverpool, Terry Fields, alikaa ndani mwaka 1991 kwa kukataa kulipa, kifungo cha siku 60. Na huyo ni mbunge. Wapo watu wa kawaida, hata wenye familia, waliowekwa ndani England kwa deni hili.

TAREHE 31 MACHI 1990

Siku moja kabla ya kodi kuanza England na Wales, watu wanaokadiriwa kufika 200,000 waliandamana katikati ya London. Asubuhi ilikuwa ngoma na filimbi. Mchana, karibu na Trafalgar Square, polisi wa farasi na waandamanaji wakavaana. Magari yakachomwa, maduka yakavunjwa vioo, zaidi ya watu 300 wakakamatwa, polisi na raia wakaumia.

Lakini msidhani ni ghasia zilizoiua kodi. Wabunge wa Conservative walitishwa zaidi na masanduku ya kura. Siku tisa kabla ya maandamano, kwenye uchaguzi mdogo wa Mid Staffordshire, Labour walikinyakua kiti chao kwa tofauti ya kura zaidi ya 9,000. Oktoba wakapoteza Eastbourne kwa Liberal Democrats. Kila mbunge akaanza kupiga hesabu za kiti chake mwenyewe.

MAMA ANATOKA

Novemba 1990 Geoffrey Howe, naibu wake, alijiuzulu kwa ugomvi wa Ulaya. Hapo ndipo ile nusu ya kwanza ya jibu inapoingia. Michael Heseltine akajitokeza kugombea uongozi wa chama, akiahidi kuiangalia upya kodi ya kichwa. Tarehe 20 Novemba wabunge wa chama walipiga kura: Thatcher 204, Heseltine 152. Alishinda, lakini kanuni zilitaka tofauti kubwa zaidi. Alipungukiwa kura 4 tu. Mawaziri wake wakamwambia mmoja mmoja kwamba hatapona raundi ya pili. Tarehe 22 akatangaza kujitoa, na tarehe 28 John Major akawa waziri mkuu.

Major alimpa Heseltine kazi ya kuizika kodi, na Machi 1991 ikatangazwa kwamba itafutwa. Ili kupunguza bili kwa pauni 140 kwa kila kichwa, VAT ilipandishwa kutoka asilimia 15 hadi 17.5. Yaani hela ilitoka mfuko uleule, ila kimyakimya. Aprili 1993 ikaingia kodi mpya ya nyumba, iliyopangwa kwa madaraja ya thamani.

DENI HALIOZI

Ushindi huo ulikuwa na bei. Daftari la wapiga kura lilikuwa njia mojawapo ya kukutafuta, kwa hiyo watu wengi walijiondoa ili wasionekane. Walikwepa bili, wakapoteza kura. Major akashinda uchaguzi wa 1992 kwa wingi wa viti 21 tu.

Sasa sikilizeni hii. Septemba 2014 Scotland ilipiga kura ya kuamua kama ijitenge na Uingereza. Maelfu ya watu ambao hawakuwa kwenye daftari kwa miaka mingi walijiandikisha. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, baadhi ya halmashauri zikasema: aah, kumbe mpo! Zikataka kutumia daftari hilo kuwadai kodi ya kichwa ya miaka 25 iliyopita. Bunge la Scotland likapitisha sheria ya kuyafuta madeni hayo, ikaanza kazi Februari 2015.

Kwa maoni yangu somo ni hili: bunge lenye wingi linaweza kupitisha kodi yoyote kwa usiku mmoja, lakini kuikusanya kunahitaji watu waone kwamba ina haki. Na kulipa sawa sio haki kama vipato haviko sawa.

Nyie mnasemaje? Kuna aliyesimuliwa na babu yake habari za kodi ya kichwa? Jamvi liko wazi hapo chini.