Bekapu Tuiite Chelezo?

Laptopu yangu ilipogoma kuwaka, fundi aliikagua kwa dakika chache, kisha akatoa hukumu ambayo kila mwenye kompyuta ya zamani anaijua: "Hapa tupige Windows upya." Kabla hajabonyeza chochote akauliza, "Bekapu unayo, bosi?" Nikamjibu ninayo. Wiki iliyotangulia, mashine ilipoanza kuzimikazimika, nilikuwa nimenakili nyaraka na picha kwenye fleshi, na pamoja nazo faili moja linaloitwa logins.json, kwa kuwa nilijua ndimo Firefox inamotunzia nywila. Akafomati diski.

Jioni nikaisakinisha Firefox, nikaandika about:support kwenye sehemu ya anwani ili inioneshe folda ya wasifu wangu, nikakifunga kivinjari, nikalibandika faili langu humo, nikafungua tena. Orodha ya nywila tupu. Nikalifungua faili lenyewe kwa Notepad. Anwani za tovuti zilisomeka vizuri: ya benki, ya barua pepe, ya duka la vitabu. Ila mahali pa jina na nywila palikuwa na mkururo wa herufi unaoanza MDoEEPgAAAA na kuendelea hivyo hivyo mpaka macho yakachoka.

Kumbe Firefox huzifunga nywila kwa ufunguo, na ufunguo huo haukai ndani ya logins.json. Unakaa kwenye faili jirani, key4.db. Kabla ya toleo la 58, la mwaka 2018, kazi hiyo ilifanywa na key3.db, na aliyehifadhi mafaili ya miaka hiyo atalikuta kwa jina hilo. Mimi nilibeba kasha, ufunguo nikauacha kwenye nyumba iliyokuwa inabomolewa.

Usiku ule nilianza kulitilia shaka neno bekapu lenyewe, na zaidi Kiswahili chake. Tunacho zaidi ya kimoja.

Kinachoandikwa zaidi ni nakala rudufu. Waliosoma shule kabla ya printa kuenea wanaikumbuka mashine ya kurudufu: stensili inabandikwa kwenye silinda, mkono unazungushwa, karatasi za mtihani zinatoka zikinuka wino. Kurudufu ni kukifanya kimoja kiwe viwili au zaidi, na neno linafanya kazi hiyo kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba linaishia hapo. Faili langu la logins.json lilirudufiwa sawasawa, herufi kwa herufi. Kama istilahi inahesabu nakala tu, basi mimi nilikuwa na bekapu na fundi hakuwa na sababu ya kunihurumia.

Wengine husema nakala ya akiba. Hili lina joto la nyumbani, ni neno la ghala na kibubu, na mtu yeyote huelewa mara moja kwa nini kitu kimewekwa kando. Ila wahenga waliosema akiba haiozi hawakuwa na nywila. Nywila iliyowekwa akiba mwezi wa kwanza, ikabadilishwa mwezi wa tatu, imeshaoza.

Halafu kuna chelezo. Mara ya kwanza kulikuta neno hili kwenye menyu ya programu nilidhani mfasiri amepotea njia, kwa sababu chelezo nililolijua mimi lilikuwa la majini. Limetokana na kuelea: ni kile kieleacho juu ya maji kumwonesha mvuvi mahali palipo wavu au mtego wake, ndugu yake boya. Kanda ya Ziwa lina maana nyingine tena, mahali meli inapoundwa au kukarabatiwa kabla ya kushushwa majini. Mwaka 2018, serikali ya Tanzania iliposaini mikataba ya meli mpya jijini Mwanza na ya kuzikarabati MV Victoria na MV Butiama, mmojawapo ulikuwa wa kujenga chelezo.

Nimebadili mawazo juu ya mfasiri yule. Sijui alikuwa na maana ipi kichwani, lakini zote mbili zinafaa kuliko rudufu. Mvuvi hafurahii boya kwa kuwa linaelea. Analitaka kwa sababu kuna kamba, na mwisho wa kamba kuna wavu. Boya lililokatika kamba litaelea vizuri tu hadi kisiwa cha pili. Na meli haipandishwi kwenye chelezo ikakae, inapandishwa ili irudi majini. Neno linabeba ndani yake kile kitendo ambacho rudufu inakisahau, yaani kurejesha.

Na kwenye nywila, kurejesha ndiko kwenye kazi. Chukua Chrome kwenye Windows. Nayo ina faili la nywila, linaitwa Login Data, na ufunguo umo kwenye faili la pili, Local State. Utasema basi nitabeba yote mawili. Hapana: ufunguo huo nao umefungwa na Windows yenyewe, kwa siri za akaunti yako kwenye usakinishaji ule ule. Windows ikishapigwa upya, hata ukiweka jina lile lile la mtumiaji na nywila ile ile ya kuingilia, siri zile zimekwenda na diski iliyofomatiwa. Mafaili unayo, kamba hakuna. Anayenusurika ni yule aliyekuwa ameoanisha Chrome na akaunti yake ya Google, au aliyezitoa nywila mapema kwenye faili la CSV, ambalo ni karatasi iliyo wazi: atakayeiokota fleshi atazisoma zote kama orodha ya sokoni.

Firefox ni mpole zaidi, na upole huo una bei yake. Mafaili yale mawili yakiwa pamoja yatafunguka kwenye kompyuta yoyote, na kama hukuweka nywila kuu, yatamfungukia yeyote aliye nayo.

Upole huo ndio ulioniokoa. Ufunguo uliomo ndani ya key4.db hutengenezwa mara moja. Hauzaliwi upya kila unapohifadhi nywila nyingine. Kwa hiyo key4.db la zamani la wasifu ule ule hufungua logins.json la juzi. Nikakumbuka kwamba miaka miwili nyuma niliwahi kuinakili folda nzima ya wasifu kwenye diski ya nje, nilipotaka kujaribu Linux. Diski ilikuwa kabatini, chini ya chaja zisizo na simu. Nikakifunga kivinjari, nikaliweka key4.db lile la zamani kando ya logins.json jipya, nikafungua.

Orodha ikajaa. Ya benki tu ndiyo iliyokataa. Nilikuwa nimeibadilisha kwenye simu siku mbili baada ya kunakili.

Kesho yake fundi aliiona ile diski ya nje mezani, akaniuliza kama ana ruhusa ya kuifomati anitengenezee nafasi. Nikaichukua nikairudisha kabatini.