MGENI KATIKA CHUMBA CHA NDANI
Historia ya programu ndogo zinazochungulia kiini cha kompyuta

Somo letu la jioni hii ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya swali moja lililowashughulisha mafundi wa kompyuta kwa zaidi ya miaka 20: Je, yawezekana kumruhusu mgeni aingie mpaka chumba cha ndani kabisa cha nyumba, atazame yanayotendeka humo, naye asivunje kitu?

Kwanza yatupasa kuijua nyumba yenyewe. Ndani ya kompyuta mna programu moja yenye mamlaka kuliko nyingine zote. Mafundi huiita kerneli, maana yake kiini. Hiyo ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayoandika katika diski, na inayopokea habari zitokazo katika mtandao. Programu nyingine zote ni kama watu walioketi barazani: wakitaka kitu hupiga hodi, nayo kerneli huwatolea. Programu ya barazani ikikosea, kwa kawaida huanguka peke yake. Lakini kerneli ikikosea, kompyuta nzima yaweza kusimama. Ndiyo sababu mlango wa chumba hicho hufungwa sana.

Sasa fikirini shida ya fundi. Kompyuta kubwa ya benki imeanza kwenda polepole kila asubuhi, na watu wamepanga foleni dirishani. Ugonjwa umo ndani ya kerneli. Fundi akiizima kompyuta ili aichunguze, kazi zote zitakoma, na pengine ugonjwa nao utatoweka mpaka kesho. Asipoingia ndani, haoni kitu. Afanyeje?

Historia yetu yaanza mwaka 1992, huko California, katika maabara ya Lawrence Berkeley. Steven McCanne na Van Jacobson walitaka kuchunguza pakiti, yaani vifurushi vidogo vya habari vinavyopita mtandaoni. Kuvitoa vyote mpaka barazani ili kuchagua vichache ni sawa na kubeba gunia zima la mchele mpaka nyumbani kwa sababu ya kutafuta jiwe moja. Yafaa kuchuja palepale ghalani. Chujio la namna hiyo lilikwisha kuwako katika miaka ya 1980, lakini halikufaa vizuri kwa kompyuta za wakati ule mpya. Mabwana hawa wawili wakatengeneza jingine, wakaliita BPF, na habari zake wakazitoa mbele ya wataalamu mjini San Diego, Januari 1993. Walieleza kwamba chujio lao laweza kwenda mara 20 kuliko lile la kwanza.

Siri yao ilikuwa mashine pepe. Msishtuke kwa jina hilo. Mashine pepe haina chuma wala waya; ni mashine ya maagizo tu. Kerneli hujifanya kuwa mashine ndogo yenye rejista mbili, yaani visanduku viwili vya kushikia hesabu, kisha husoma maagizo ya mgeni moja baada ya moja na kuyatimiza. Maagizo hayo yalikuwa machache, tena mgeni aliweza kuruka mbele tu. Kurudi nyuma hakuweza. Asiyeweza kurudi nyuma hawezi kuzunguka milele, kwa hiyo kazi yake lazima imalizike. Shikeni jambo hili, maana ndilo msingi wa somo letu: mgeni aliaminiwa kwa kuwa uhuru wake ulipunguzwa.

Lakini mgeni huyo alijua pakiti tu. Waliompa mgeni wa namna hiyo kazi ya kuitazama kompyuta nzima walikuwa mafundi watatu wa kampuni ya Sun Microsystems: Bryan Cantrill, Michael Shapiro na Adam Leventhal. Chombo chao, DTrace, walikieleza kwa maandishi mwaka 2004, na mwaka 2005 kikatolewa pamoja na Solaris 10. Nacho kilikuwa na mashine pepe yake ndani ya kerneli, nacho kilikataza kurudi nyuma. Fundi aliweza kuuliza maswali huku kompyuta ikiendelea na kazi zake, na vituo vya kuulizia ambavyo havikutumiwa havikuilemea.

Upande wa Linux mambo yalikuwa nusu nusu. Tangu mwaka 2004 Linux ilikuwa na kprobes, ambazo twaweza kuzifananisha na mitego inayotegwa karibu mahali popote katika kerneli inapokuwa kazini. Mtego ulikuwako, lakini nani ataketi kando yake? Njia moja ilikuwa kuingiza kipande kizima cha kerneli, nacho huingia na mamlaka yote. Kikikosea, nyumba yaanguka. Njia nyingine ilikuwa kupeleka barazani habari za kila tukio, zikahesabiwe huko. Matukio yakiwa mamia ya maelfu kwa sekunde, mzigo huo huzidi ugonjwa unaotafutwa. Na ajabu ni kwamba BPF ilikuwa imekwisha kuingia Linux tangu mwaka 1997, ikichuja pakiti kimya kimya.

Aliyeziunganisha pande hizi mbili ni Alexei Starovoitov, fundi wa mitandao wa kampuni ya PLUMgrid. Mwaka 2013 alitoa shauri la kuikuza mashine pepe hiyo ya zamani. Rejista mbili za biti 32 zikawa 10 za biti 64, tena zikapangwa zilingane na rejista za kompyuta za kweli, ili maagizo yaweze kutafsiriwa upesi kuwa lugha ya chuma chenyewe. Mgeni akapewa nafasi ya baiti 512 ya kuwekea vitu vyake, na majedwali ya kuandikia hesabu. Mashine hiyo iliyokuzwa, iitwayo eBPF, iliingia katika kerneli mwaka 2014, na Desemba ya mwaka huo, katika toleo la 3.18, ukawekwa mlango rasmi wa kuingizia programu kutoka barazani. Juni 2015, katika toleo la 4.1, mgeni akaruhusiwa kuketi kando ya mitego ya kprobes. Mwaka 2016 akaongezewa vituo vingine vya kutazamia.

Faida ya majedwali ni hii. Fundi wa ile benki aweza kumwagiza mgeni apime kila ombi la diski limechukua muda gani, alitie katika fungu lake, kisha alete jumla tu. Wastani peke yake hudanganya: maombi mengi mepesi huficha machache mazito. Bali jedwali lenye mafungu huonyesha wazi kwamba wako wanaohudumiwa mara moja, na wako wanaongojeshwa. Kwa kazi kama hizo vilitengenezwa vyombo vya BCC mwaka 2015, ambavyo Brendan Gregg, aliyekuwa Netflix, aliviandikia sehemu kubwa. Baadaye Alastair Robertson akatunga bpftrace, ambayo huwezesha swali zima kuandikwa kwa mstari mmoja.

Mlangoni aliwekwa mkaguzi, naye ni programu. Kabla mgeni hajaingia, mkaguzi hufuata kila njia ambayo mgeni aweza kuipita. Akiona atagusa kumbukumbu isiyo yake, humkataa. Mwanzoni alikataa pia kila mzunguko, na kila programu yenye maagizo zaidi ya 4,096. Mafundi walinung'unika, kwa kuwa hata programu njema zilirudishwa. Mwaka 2019 masharti yakalegezwa: mzunguko wenye mwisho unaojulikana ukakubaliwa, na kwa wenye ruhusa kubwa mkaguzi akaweza kupima mpaka maagizo milioni moja.

Je, nani amkaguaye mkaguzi? Mwaka 2017 iligunduliwa kwamba mkaguzi alikuwa na kosa la hesabu. Kwa kosa hilo mtumiaji wa kawaida aliweza kupitisha programu mbaya na kujitwalia mamlaka yote ya kompyuta. Kosa lilisahihishwa, lakini fundisho lilibaki. Tangu toleo la 5.16, la Januari 2022, desturi ya kerneli ni kuwafungia mlango huu watumiaji wasio na ruhusa maalumu. Tena kumbukeni kwamba anayechungulia chumba cha ndani aweza kuona hata siri za wenyeji. Kutovunja vyombo ni jambo moja. Kutosoma barua za wengine ni jambo jingine, wala mkaguzi hakuwekwa kulinda hilo.

Msidhani mambo haya yako mbali nanyi. Simu za Android hutumia kerneli ya Linux, na tangu Android 9, ya mwaka 2018, simu zenye kerneli mpya zilianza kutumia programu za eBPF kuhesabu data inayotumiwa na kila programu. Kwa hiyo yawezekana mgeni huyu yumo mfukoni mwako, akihesabu bando lako.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia hii yaonyesha kwamba neno hilo ni kweli, lakini mwenyeji alipona kwa kuwa mgeni alipokewa kwa masharti, na masharti yenyewe yakasahihishwa kila yalipoonekana kupungua.

MASWALI YA MAZUNGUMZO KATIKA KIKUNDI
1. Kwa nini programu isiyoweza kurudi nyuma huaminika zaidi?
2. Jedwali lenye mafungu laeleza nini ambalo wastani hausemi? Toeni mfano wa foleni ya zahanati.
3. Katika chama chenu cha ushirika, nani hukagua hesabu? Naye hukaguliwa na nani?