Kosa Lisilokuja Likiitwa

Kuna kosa moja katika kazi ya kompyuta ambalo mafundi hulichukia kuliko makosa mengine, kwa kuwa haliji likiitwa. Halimo katika tendo lenyewe, bali katika kukutana kwa matendo mawili ambayo kila moja, likiwa peke yake, ni sahihi. Makarani wawili hufungua daftari moja; kila mmoja husoma shilingi 100, huongeza 10 zilizomfikia, kisha huandika 110. Shilingi 10 zimepotea, wala hapana aliyeiba. Lau mmoja wao angalikawia kwa kitambo cha kuchovya kalamu, hesabu ingalitimia 120, na mkaguzi asingaliona kitu. Kosa la namna hii laweza kuitwa shindano la wakati. Hudhuru zaidi katika viendeshi vya diski, yaani programu zinazopeleka na kuleta data baina ya kumbukumbu na diski, kwa sababu kilichoharibika huko hubaki kimeandikwa hata mtambo ukizimwa.

Mwaka 1965 Edsger Dijkstra, profesa wa hisabati mjini Eindhoven, Uholanzi, alichapisha makala ya ukurasa mmoja iliyoonyesha jinsi mitambo mingi iwezavyo kushiriki kitu kimoja bila miwili kukishika kwa pamoja. Theodorus Dekker alikuwa amekwisha kulifumbua fumbo hilo kwa mitambo miwili. Dijkstra alibuni pia semafori, jina la mikono ya ishara ya njia ya reli: programu husimama mpaka iruhusiwe, ndipo hupita. Katika mfumo alioujenga na wenzake kwa mtambo wa X8, na kuueleza kwa maandishi mwaka 1968, tabaka zima lilitengwa kwa kuhamisha data kati ya kumbukumbu na pipa la sumaku lililokuwa ghala lake. Matabaka hayo yalipangwa ili kila moja lithibitishwe kwa hoja, maana majaribio peke yake hayawezi kumaliza nyakati zote zinazowezekana. Somo hilo lilisahauliwa mara nyingi baadaye, si kwa ujinga, bali kwa haraka.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilizaliwa kwa mtambo wenye prosesa moja. Toleo la 2.0 la mwaka 1996 lilipokubali prosesa nyingi, kerneli, yaani kiini cha mfumo, ilifungwa kwa kufuli moja kubwa, kama nyumba ya vyumba vingi yenye ufunguo mmoja. Ilikuwa salama, lakini watu walingojana mlangoni. Kufuli hilo lilivunjwavunjwa mwaka hata mwaka, na mabaki yake hayakwisha mpaka 2011. Maombi ya diski nayo yalikuwa na kufuli lao moja kwa diski zote, mpaka toleo la 2.6 la Desemba 2003 lilipoipa kila foleni kufuli lake. Kisha zikaja diski zisizozunguka, ambazo hutimiza maombi mamia ya maelfu kwa sekunde ilhali diski ya sahani hutimiza mamia tu. Kufuli la foleni moja likawa ndilo kizuizi. Januari 2014, katika toleo la 3.13, uliingizwa utaratibu mpya wa foleni nyingi. Kila kufuli lilipogawanywa, mwendo uliongezeka. Na mambo ya kufikiriwa yaliongezeka kuliko mwendo.

Deni la kufikiri lilidaiwa mwaka 2018. Toleo la 4.19 lilitolewa tarehe 22 Oktoba, nalo lilizihamisha diski za aina ya SCSI, pamoja na diski nyingi za kawaida zinazopitia njia hiyo, ziingie katika foleni nyingi pasipo mtumiaji kuomba. Baada ya wiki chache watu walianza kulalamika kwamba mafaili yao yameharibika. Aliyepiga kelele ni ext4, mfumo wa kuhifadhi mafaili, kwa kuwa ndio uliosoma data na kukuta takataka. Basi shaka ikauangukia huo huo. Shahidi aliyekwenda kituoni kushtaki wizi aliwekwa rumande. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, na wengine waliingia katika uchunguzi. Desturi ya mafundi ni kugawa mfululizo wa mabadiliko katikati, kujaribu nusu moja, kisha nusu ya nusu, hata libaki badiliko moja. Njia hiyo ni nzuri kwa kosa linaloitika. Kwa kosa linalotegemea wakati ni hatari, maana kerneli mbovu yaweza kukaa siku nzima bila kuonyesha ila, ikaandikwa kuwa nzima, na wachunguzi wote wakaelekezwa upande usio.

Hatimaye mkosaji alionekana chini ya ext4, katika tabaka la foleni. Badiliko moja lililoingia katika 4.19 lilikuwa limefupisha njia: pasipokuwa na mpangaji wa maombi, na foleni ikiwa wazi, ombi lipelekwe kwa kiendeshi moja kwa moja. Mfano wake ni karani wa bohari anayeandika hati ya magunia 10 na kuyapeleka kwa wachukuzi. Wachukuzi wakisema wana kazi, mzigo hurudishwa foleni pamoja na hati yake. Huko foleni, kwa kuokoa safari, mtu huunganisha nao magunia 5 yaendayo mahali pale pale. Zamu ifikapo, wachukuzi husoma hati ya kwanza, hubeba 10, na mwenye mali huambiwa kwamba 15 yamefika. Kuunganisha hakukuwa kosa, wala kurudisha mzigo hakukuwa kosa. Ilihitajika shughuli ya kiendeshi na ujio wa ombi la jirani vikutane katika kipindi kile kile kifupi.

Jens Axboe, msimamizi wa tabaka hilo, alitoa dawa mwanzoni mwa Desemba: ombi lililokataliwa litiwe alama kwamba haliunganishwi tena. Dawa hiyo ilizuia uharibifu, lakini ilifuatana na sharti lililokataza aina fulani za maombi zisipite njia fupi kabisa. Na viendeshi vinavyopangwa juu ya vingine, ambavyo daima hujaribu njia hiyo kwanza, vikawa vikirudia bila kikomo jambo lisiloweza kufanikiwa. Baada ya siku chache ilitolewa dawa ya pili, iliyo bora kwa kuwa haina vighairi: ombi lolote lililokwisha kuguswa na kiendeshi liende katika orodha ya kutumwa, ambako hakuna kuunganisha. Toleo la 4.19.8 la tarehe 8 Desemba 2018 liliwafikishia watumiaji dawa hiyo. Machi 2019, katika toleo la 5.0, utaratibu wa zamani wa foleni moja uliondolewa.

Dawa hiyo ilizuia maandishi yajayo tu. Data iliyokwisha kwenda diskini na hati isiyo yake ilibaki vivyo hivyo, na waliokuwa hawana nakala pengine hawakupata cha kurudishiwa.